Ekspanda ya redio ya elfu 15: kiboksi cha kushusha masafa kilichonirudishia redio za Chuga (Arusha) kwenye Toyota Ractis

Nianze na kosa langu. Nilivyoagiza hii Ractis ya 2011 niliangalia kila kitu, kilomita, gredi ya mnada, picha za chini kama imeliwa na kutu, ushuru nikaupiga kwenye kikokotoo cha TRA mara tatu utadhani nikirudia namba itapungua, shemeji yangu anayejua magari nikamsumbua mpaka akawa hapokei simu. Redio sikuiangalia. Nani anaangalia redio? Inawaka, ina skrini, ina dada wa Kijapani anaongea kila ukiwasha gari (nasikia anaulizia kadi ya kulipia barabara za kwao, mwaka wa pili huu ananidai na simlipi), nikajua mambo safi.

Gari nimeichukua Dar, nikawasha 88.5, Clouds hiyo hapo, inaita kama kengele. Chalinze ikaanza kukwaruza, Segera kimya, Korogwe mpaka Same ni mimi na yule dada wa Kijapani tu. Naingia Arusha usiku, kitufe sijagusa, redio bado iko palepale 88.5, ghafla mtu anaongea na lafudhi ni ya nyumbani kabisa. Triple A! Maana namba ileile ambayo Dar ni Clouds, huku kwetu ni Triple A. Nikacheka peke yangu pale kwenye mataa.

Kesho yake ndio kilio kikaanza. Nataka Radio 5, iko 105.7. Napandisha, 89, 89.5, 90, halafu namba inaruka inarudi 76. Napandisha tena, inaruka tena. Nikajua nimeuziwa redio mbovu, kumbe redio ni nzima kabisa ila ni ya kwao. Japani FM yao miaka hiyo ilikuwa inaanzia 76 inaishia 90, sisi huku yetu inaanza 87.5 inaenda hadi 108, kwa hiyo mimi na Wajapani tunakutana kwenye kakipande ka megahezi mbili na nusu tu, na hako kakipande ukiwa Arusha unahesabu vituo kwa vidole na vidole vinabaki. Gari za Kijapani za siku hizi wameongeza mpaka 95 lakini bado, vitu vyetu vingi viko juu huko.

Sasa mtu ataniambia si uunganishe simu kwa blututu uendelee na maisha. Sawa, nyimbo ninazo. Lakini mimi sitaki nyimbo, nataka redio. Nataka mtu aniambie Njiro maji hayatoki leo, kuna mama kapotelewa na mtoto soko kuu amevaa sweta la kijani, kuna jamaa wa duka la mabati anapiga kelele kwamba ofa inaisha Ijumaa (haijawahi kuisha hiyo ofa tangu niko darasa la tano). Simu haikwambii hayo.

Na nina sababu nyingine. Mimi nimelelewa na redio, na hapa naomba mnivumilie kidogo kabla sijafika kwa fundi.

Nyumbani kulikuwa na redio ya Philips, ile ya mbao mbao yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha. Mzee alikuwa anajivuna nayo kwa sababu moja, imeundwa hapahapa Arusha. Vijana wa leo mnashuka kifodi (daladala za huku kwetu) pale Philips barabara ya Moshi mnadhani ni jina tu, palikuwa na kiwanda pale, watu wanaunganisha redio, mji huu ulikuwa unatengeneza redio jamani. Ila ajabu yenyewe ni kwamba redio imeundwa Arusha halafu hakuna hata kituo kimoja cha Arusha cha kusikiliza. Ilikuwa ni Radio Tanzania Dar es Salaam, basi. Taarifa ya habari, mchezo wa redio, muziki wa dansi, salamu, na matangazo ya vifo ambayo mzee alikuwa akisikia tu mlio wake ananyoosha mkono wote tunyamaze.

Bibi yangu Machame yeye alikuwa na yake ya mawimbi mafupi, na hadithi yake ndio ilikuwa kali kuliko zote. Walikuwa wanasikiliza Sauti ya Injili, vipindi vinatengenezwa na Walutheri studio ya Moshi, pale mjini tu unaona, halafu vinarushwa kutoka Addis Ababa Ethiopia, vinavuka Kenya nzima vinarudi kumkuta bibi jikoni kwake. Yaani mtu anaongea umbali wa kwenda na kurudi kwa miguu lakini sauti yake imepitia Ethiopia. Kituo cha Addis kilianza 1963, ikafika 1977 serikali ya kijeshi ya kule ikakichukua, na bibi mpaka anafariki alikuwa anawalaumu wale wanajeshi kama vile walimuibia mbuzi. Haikuwa redio ya biashara wala ya muziki wa disko, najua, lakini mtu akiniambia redio za kaskazini zimeanza na FM huwa namkumbusha bibi.

Redio za watu binafsi zilikuja baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, Radio One wakaanza 1994, na hapo ndio vijana tukasikia rap ya Kiswahili redioni kwa mara ya kwanza kwenye DJ Show ya Taji Liundi, baadae akaja Mike Mhagama, na huyo Mhagama ndiye anayetajwa kuwa mwaka 1996 alilianzisha lile jina la Bongo Flava. Vizuri sana, hongera kwao, lakini yote hayo ni Dar. Mwaka huohuo 1996 huku Arusha X Plastaz wanaanza, machalii wa mtaani wanachanganya rap na uimbaji wa Kimaasai, kitu ambacho hakuna mtu wa Dar alikuwa anakiwaza. Sasa machalii kama hao wimbo wanaupeleka wapi? Unapanda basi na kaseti mfukoni, siku nzima, unafika Dar unakaa getini kwa watu unasubiri mtangazaji atoke.

Ndio maana mimi Triple A naiheshimu hata leo ikinikera. Ilikuja na mtindo wake, redio huku na disko lenye jina hilohilo huku, na ghafla ule wimbo wa chalii wa mtaa wa pili unausikia kwenye kifodi asubuhi. Ukisema jina la mtaa wako redioni ni kitu kidogo mpaka usikie wa kwako umetajwa. Tulikuwa tunanunua kadi za salamu dukani, unajaza majina, namsalimu mama mkubwa wa Sanawari, namsalimu fulani wa Kaloleni, mwishoni unaandika ujumbe wenye mafumbo ambao mhusika anajua ni yeye. Halafu unakaa wiki nzima na sikio kwenye redio. Na hiyo ndio ilikuwa biashara yenyewe, kadi unanunua, kituo kinapata chochote, dukani wanapata chochote, wewe unapata sekunde nne za umaarufu. Wenye akili zao wale.

Kuanzia hapo mji ukajaa. Vikundi vikawa vinatoka kama uyoga, Nako 2 Nako, River Camp, baadae wakaungana wengine wakawa Weusi, Joh Makini, G Nako, Lord Eyez, Nikki wa Pili ambaye mwaka 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya Kisarawe, hebu fikiria, chalii wa hiphop. Radio 5 nayo ikaingia na ikawa kubwa mpaka Agosti 2016 waziri alipoifungia siku ileile na Magic FM ya Dar kwa madai ya uchochezi. Nakumbuka ule ukimya. Unapita saluni unapita duka la dawa, palepale ulipozoea kusikia mtu anaongea pana mluzi tu wa hewa tupu. Ilirudi hewani, lakini hapo ndio nilijua redio ya mji ni kama taa ya barabarani, hukumbuki ipo mpaka izimike.

Haya, kwa fundi sasa.

Fundi wa kwanza sitamtaja wala mtaa wake sitautaja. Nilimwambia nataka redio yangu ishike mpaka 108, akaiangalia akacheka, akasema hiyo tupa kaka, weka ya Android, 350,000 na kufunga. Nikamwambia sina. Akasema basi ngoja niiangalie, akafungua boneti akang'oa waya wa betri. Wenye Toyota zenye redio za skrini mshajua nini kimetokea. Kurudisha betri skrini imejaa Kijapani, inadai kadi yake ya SD, bila hiyo haifunguki, hata 88.5 yangu moja sina tena. Jamaa akaniangalia usoni bila aibu akasema "Si nilikwambia tupa?" Nikaondoka pale kimya kimya kwa sababu ningefungua mdomo ningelala ndani.

Wiki mbili naendesha gari bubu. Hata dada wa Kijapani nilianza kumpenda maana ndiye pekee alikuwa anaongea.

Wa pili nilielekezwa na dereva wa Noah. Kibanda upande wa soko la Kilombero, ukiwa unaangalia soko kiko nyuma ya wauza spea za toyo, mlango wa bluu, nje kuna spika kubwa imepasuka wanaikalia kama stuli. Ndani mzee mmoja miwani ameifunga na waya wa shaba. Namwamkia, anaitikia bila kuinua kichwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba baba. Redio ya Mjapani?"

Nikamuuliza amejuaje, akasema "Wenye gari za Mzungu hawajagi na sura hiyo."

La skrini alilimaliza kwanza, kuna namba ndefu inatokea ukibonyeza vitufe fulani, akaipiga picha na simu akamtumia kijana wake, kijana akarudisha namba nyingine ya kufungulia, akaingiza, ikafunguka. Hiyo alinitoza 30,000, inauma lakini ni malipo ya ujinga wa yule wa kwanza. Halafu ndio akaniuliza swali ambalo limenifanya niandike yote haya. Akaniuliza, "Unasikilizaga redio gani?"

Mimi nikadhani anapiga stori. Kumbe ekspanda ziko za aina aina na usipojua unasikiliza nini unauziwa isiyokufaa. Ile ni kaboksi kadogo kama kiberiti kikubwa, waya wa antena unaingia upande mmoja unatokea mwingine kwenda kwenye redio, kana waya mwekundu wa umeme na mweusi wa bodi. Kazi yake ni kutoa hesabu. Inachukua masafa ya juu inayashusha kwa namba yake, kuna inayoshusha 12, kuna ya 14, kuna ya 18. Ya 18 maana yake 105.7 unaikuta kwenye 87.7, na 108 inaangukia palepale mwisho kwenye 90. Lakini ukitoa 18 kwenye 93 unapata 75 na redio ya Mjapani inaanzia 76, kwa hiyo kila kilicho kati ya 90 na 94 umekiua. Ukichukua ya 14 unakipata hicho cha 93, kinakaa 79, ila cha juu ya 104 ndio kinapotea, na Radio 5 yangu imekwenda. Hakuna inayokupa vyote. Mzee akanichorea kwenye kipande cha boksi kabisa, huku akisema "wengi wanaweka yoyote halafu mteja anarudi anasema mbovu, sio mbovu, ni hesabu".

Nikachukua ya 18. Kiboksi 15,000, kufunga 10,000, dakika 40, na betri hakuigusa, alichomoa redio ikiwa bado ina umeme. Waya mwekundu akaunganisha kwenye ule unaopata moto ukiwasha swichi tu, sio wa moja kwa moja wa betri, akaniambia wapo wanaoweka wa moja kwa moja, gari likilala wiki mbili unakuta betri imechoka unamlaumu muuza betri.

Matokeo? Nilitoka pale nikaiweka 87.7, na kitu cha kwanza kusikia kwenye redio yangu ya Kijapani ni tangazo la mabati. Ofa inaisha Ijumaa.

Sasa mapungufu maana hii sio tangazo. Kwanza namba zote ni za uongo inabidi uwe na hesabu kichwani, mimi nimebandika kiplasta kwenye dashibodi nimeandika, binti yangu wa miaka saba anajua kabisa kwamba kuna redio inaitwa 87.7 na nimeshindwa kumbadilisha. Pili ya zamani haifi kabisa, ile 88.5 ya kweli inapenya humohumo kwa sababu mnara wake uko karibu na una nguvu, kwa hiyo kituo chochote cha 106 na nusu kikija kingegombania kiti kimoja na Triple A, ukiwa katikati ya mji unapata mtu wa huku anasoma matangazo na nyuma yake mwingine anaimba. Mimi sijali sana, inanikumbusha vifodi viwili vimeegesha pamoja. Tatu sauti inapungua kidogo ubora, kuna kamluzi, ukipandisha sauti unakasikia.

Na ya nne ni barabara. Kila Jumamosi ya pili naenda Moshi kwa mama, kilomita 80 hivi, na FM ni kitu cha kuonana uso kwa uso, mnara usikuone hupati. Kwa redio ya kawaida Arusha inakusindikiza vizuri, kwa ekspanda nikipita Usa River naanza kusikia mchanga, Kikatiti inakuja inaondoka, njia panda ya KIA ni kelele tupu, halafu ukikaribia Boma Ng'ombe za Moshi zinaanza kuchomoza moja moja. Mwenzangu mwenye redio ya Android tuliondoka pamoja yeye alichelewa kupoteza kuliko mimi. Upande wa pili wa mji pia, ukizunguka kuelekea Ngaramtoni kuna kona mlima Meru unakukatia kabisa, na mlima una zaidi ya mita 4,500, hakuna ekspanda ya elfu 15 itakayobishana nao.

Halafu kuna lawama ambayo sio ya kiboksi. Nimepigania redio za nyumbani mwezi mzima, nimelipa jumla 55,000, narudi hewani nakuta nini? Nyimbo kumi zilezile asubuhi mpaka jioni, tano za Dar, tatu za Nigeria, mbili amapiano. Mtangazaji anaongea juu ya wimbo mpaka unafika kwenye kiitikio. Machalii wa hiphop wa hapa wamesukumwa usiku wa wikiendi huko, utadhani ni dawa ya watu wazima. Najua ni biashara, anayelipa tangazo anataka kinachosikilizwa na kila mtu, na mishahara hailipwi na mapenzi ya mtaa. Lakini zile zama za kaseti mfukoni tulikuwa tunasema Dar hawatupigi. Sasa hivi tunajipiga wenyewe? Kwa hilo redio zetu zote kwa ujumla nazipa nyota tatu, na ya tatu ni ya wale wanaosoma matangazo ya waliopotea, hao wanafanya kazi ya Mungu.

Ekspanda naipa nne. Mzee wa kibanda tano, ningekuwa na sita angepata. Nilimpelekea jirani yangu mwenye Passo akamuuliza swali lilelile, jirani akasema yeye anasikilizaga zote, mzee akavua miwani akamwambia "Hamna mtu anasikiliza zote baba, nenda kakae kwenye gari ufikirie." Akakaa kweli. Akarudi akachukua ya 14.

Nilivyoenda kwa mama na redio inayoongea alikaa mbele akaisikiliza kidogo akauliza hii inarushwa wapi, nikamwambia hapo tu Moshi mama. Akasema, "Sio Ethiopia?" Alikuwa anatania, nadhani.

Kibanda kinafunguliwa saa tatu asubuhi, Jumapili hamna kitu, Jumamosi jiandae kupanga foleni na wenye Noah. Nenda na orodha ya redio zako umeiandika na namba zake kabisa. Na fundi yeyote mwingine akifungua boneti wakati wewe umemwambia redio, mshike mkono.